Kufuli na Lifti ya Mjomba

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Kazi ilianza saa mbili kamili asubuhi, kama mkataba ulivyoruhusu. Seva ilikubali kufunguka saa tatu na dakika ishirini. Na saa nne na dakika tano, binti aliyekuwa akiifanya kazi hiyo aliondoa mikono yote miwili kwenye kibodi akaiweka mapajani, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sufuria.

Nyumbani walimwita Kufuli. Jina hilo lilitokana na uchache wa maneno yake, na lilitangulia kazi yake kwa miaka mingi. Alisomea ufundi wa kompyuta, kisha akaajiriwa na kampuni inayolipwa ili ijaribu kuvunja mifumo ya wateja kabla wezi hawajaijaribu. Siku hiyo mteja alikuwa shule ya udereva, na Kufuli na msimamizi wake walikuwa wamepewa darasa tupu lenye mabango ya alama za barabarani.

Kilichomshtua ni folda iliyofichwa nyuma ya ratiba za mafunzo. Ndani yake mlikuwa na leseni za udereva, kila moja na muhuri wa serikali uliochorwa kwa ustadi, tayari kuchapwa. Shule hufundisha udereva, haitoi leseni. Na katika leseni ya tatu, kidevu kikiwa juu kama cha bwana harusi, alikuwamo mjomba wake.

Mjomba huyo, mdogo wake mama, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka shule tangu darasa la kwanza. Siku hizi aliishi kwa teksi. Ndiye aliyewaleta asubuhi ile, na wakati huo alikuwa nje, akiwasubiri.

Ghafla mambo mengi yalieleweka. Ilieleweka kwa nini mjomba alikata kona kama mtu anayefukuzwa, na kwa nini kila aliporudi nyuma alishusha kioo na kuwauliza wapita njia, "Nafasi bado ipo?"

Kubonyeza mara moja tu, na leseni ya tatu isingekuwapo. Kufuli aliitazama kibodi kwa muda. Kisha akamwita msimamizi, mtu mzima mwenye viatu vipya vilivyombana.

"Umenakili chochote?"

"Hapana."

"Umefungua ngapi?"

"Tatu. Ya tatu ni ya mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Huyo wa nje."

Msimamizi alichungulia dirishani. Mjomba alimpungia mkono.

Walitoka hadi nyuma ya jengo, wakampigia simu mwanasheria wa kampuni yao, wakamweleza yote.

"Sikilizeni," alisema. "Ile ahadi ya siri tuliyompa mteja inalinda biashara yake, hailindi uhalifu wake. Kazi isimame hapo hapo. Msifungue kingine, msinakili, msifute. Andikeni mlichokiona na saa mliyokiona. Polisi nitawaarifu mimi, leo hii. Mteja asijue, wala yeyote mliyemwona humo."

"Hata ndugu?" Kufuli aliuliza.

"Hasa ndugu, binti yangu. Ukifuta hiyo moja umeharibu ushahidi wote, na sheria itakutafuta wewe kwanza. Nitaeleza kwamba ni mjomba wako, na kuanzia sasa jambo hili huligusi."

Simu ilikatwa. Msimamizi alivitazama viatu vyake kwa huzuni.

"Sasa tunarudi na nini?"

Kupanda gari la mtu unayejua hana leseni haikuwezekana. Kusema kwa nini hupandi haikuruhusiwa. Walimwambia mteja kwamba kazi ya hapo imetosha kwa leo, nayo ilikuwa kweli tupu, wakatoka getini.

"Kufuli, panda twende."

"Natembea, mjomba."

"Mpaka nyumbani? Na mzee wa watu na viatu vile?"

"Tunatembea tu."

Alitembea siku hiyo, akatembea kesho yake, na siku iliyofuata mama akaweka kijiko chini katikati ya chakula.

"Msichana hakatai gari bure. Huko njiani kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hivyo hivyo ndivyo nilivyomwambia bibi yako."

Mama alimwambia mdogo wake kuna mchumba, naye mjomba hakutaka kuhadithiwa. Jumamosi alimfuata Kufuli kwa teksi, polepole, shingo nje ya dirisha amwone huyo mchumba. Aliona mengi, ila pipa la taka hakuliona. Gari lilipanda ukingo wa barabara, pipa likalala chali, naye akashuka akiwaka.

"Umeniponza na mchumba wako!"

"Sina mchumba."

"Basi una nini?"

Kufuli alifungua mdomo. Neno moja tu, na mjomba angeificha leseni kabla jua halijazama. Pengine angekimbia kumwonya mwenye shule.

"Nina kazi, mjomba," alisema, akainama kusimamisha pipa.

"Kazi gani ya kutembea!"

Jumatatu polisi waliingia shuleni. Jumatano walimwita mjomba. Alitozwa faini, akakatazwa kushika usukani mpaka ajifunze upya na kufanya mtihani halali. Jioni alikuja kwa dada yake kwa miguu, vumbi hadi magotini.

"Ulijua," alimwambia Kufuli.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kutembea."

"Mimi nilifundishwa siku mbili, wakaniambia nina kipaji."

"Ukawaamini?" mama alidakia.

"Dada, ningebishaje?" Kisha sauti ikashuka. "Ungeninong'oneza tu, Kufuli."

"Ningekunong'oneza, tungeitwa wote wawili."

Mjomba alikung'uta vumbi magotini. Mama ndiye aliyeguna kwa uchungu kuliko wote.

"Kwa hiyo mchumba hayupo kabisa?"

Mjomba aliondoka bila kuaga, na kwa miezi kadhaa salamu zake ziliishia kwa mama.

Mwaka mmoja baadaye, akiwa amekwisha kuanguka mara mbili kwenye kipengele cha kurudi nyuma, mjomba alifaulu mtihani wa idara ya leseni. Picha ya leseni ilimfikia Kufuli kwenye simu, kidevu kikiwa juu vilevile, na chini yake maneno machache: "Hii unaruhusiwa kuifungua. Nipo nje."