Mume wangu anajilaumu kwa kibao nilichokitoa mimi

Admin, nifichie jina na usitaje hata idara yangu, maana wifi yangu huusoma ukurasa huu kwa sauti mume wangu akiwa amekaa hapo hapo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Singida. Nilihamishiwa Kigoma kikazi, nikaolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Kasingirima. Tuna binti mmoja na tunaishi Buzebazeba na mama mkwe.

Nafanya kazi kwenye yadi ya treni za mizigo. Mabehewa ya mafuta yakifika, nahakikisha kila moja lina kibao chekundu cha hatari. Penye kibao hakuna moto, basi. Na kibao hakitolewi hata mafuta yakishashushwa, mpaka behewa lioshwe na kupitishwa hewa, kwa sababu mvuke unaobaki ndani unalipuka vibaya sana. Hilo nimewafundisha wengi. Mume wangu nilimfundisha mwenyewe, maana alikuwa akiitwa pale kuunga vyuma.

Sasa sikieni nilichofanya. Vibao vilikuwa pungufu, na kila tukiomba tunaambiwa vinakuja. Siku hiyo mchana likaingia behewa limejaa petroli, halina kibao. Nikaona bora lililojaa lilindwe kwanza. Nikachukua kibao cha behewa lililoshushwa asubuhi nikakihamishia kule. Nilijiona nina akili kweli. Nikaenda kula.

Nikiwa kwa mama ntilie nikasikia mlipuko. Nilijua ni behewa lipi kabla sijainuka. Wenzangu walimkimbilia aliyeumia, mimi nikakimbilia kibao. Nilikichomoa kwenye lile lililojaa nikakitupa chini karibu na magurudumu ya lile lililolipuka, kionekane kimerushwa na mlipuko. Ndipo nikasikia mtu anaita jina la mume wangu. Alikuwa ameitwa kuunga ngazi ya lile behewa, na mimi sikuwa na habari.

Alipona, lakini haoni tena. Uchunguzi ukaandika kwamba kibao kilikuwepo, fundi akapuuza. Hakubisha. Kila anayekuja kumpa pole anamwambia, "Ni uzembe wangu. Mke wangu alinifundisha, nikajifanya najua." Mwanzoni alikuwa akisema hakukiona. Siku hizi anasema anakikumbuka kabisa, eti alikiona akajiambia atamaliza haraka. Jamani, anakumbuka kitu ambacho hakikuwepo.

Mama yake humgombeza, kisha ananigeukia mimi. "Pole mwana wanje, mwanangu, nimekuzalia mtu asiyesikia." Nami nasema asante mama. Nikimtengea chakula namchambulia miba ya mgebuka, na yeye ananiombea kwa Mungu mbele ya mtoto. Najichukia, siwezi kuwaficha.

Wiki ijayo wanaanza wafanyakazi wapya. Bosi amemwomba mume wangu aje awaeleze umuhimu wa kibao. Nilitamani akatae. Amefurahi, na tangu ajali sijamwona amefurahi vile. Ameagiza shati lake la sikukuu lipigwe pasi. "Angalau haya macho yangu yawasaidie wenzangu," ananiambia.

Nikisema ukweli nitafukuzwa kazi, pengine nifungwe, na mimi ndiye ninayelisha nyumba. Hilo naweza kulibeba. Kinachonitisha ni kumwambia kwamba muda wote huu amejilaumu bure, na kwamba siku ile nilikimbilia kibao badala ya mtu aliyekuwa anaungua. Nisiposema, atasimama mbele ya watu ajiite mzembe kwa kosa langu.

Jana jioni tulikuwa barazani, anafanya mazoezi ya maneno yake. Akanitafuta mkono mpaka akaupata. "Mke wangu, hapo pananipotea, nisaidie. Kile kibao kilikuwa upande gani wa behewa? Sitaki kuwadanganya watu."

Nikamwambia ngoja nikaanue nguo. Nimezianua, nimezikunja, nimeingia ndani. Leo asubuhi ameniuliza tena, kwa upole ule ule. Ndugu zangu, nimjibu nini?