Sindano ya Saa Mbili

Nilipokuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji Gisenyi, miaka michache baada ya familia yetu kurudi kutoka Tanzania, kila siku saa mbili asubuhi nilimchoma mgonjwa wa kwanza sindano ya kutuliza, saa moja kabla ya kupasuliwa. Daktari alitaka wagonjwa wafike mezani wamelegea. Nami nilijivunia saa yangu ya mkononi kupita kiasi.

Siku moja mgonjwa huyo wa kwanza alikuwa mama kutoka Busasamana, mchuuzi wa viazi, mwenye goita shingoni. Aliuficha mkono ndani ya kitenge.

"Muganga, ngoja kidogo. Dada yangu wa Goma iko njiani. Hatusemezani tangu mama azikwe. Kama ni kufa, nife nimemusikia."

"Mama, hutakufa. Na daktari hasubiri mtu."

Nikamchoma. Dada alifika dakika ishirini baadaye, jasho likimtiririka. Alikuwa amezuiliwa mpakani, Grande Barrière, kwa ajili ya karatasi. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Sikukuja kuzika mama. Nilikuambia barrière ilifungwa. Ilikuwa wazi. Mi niliogopa tu vita. Unisamehe."

Mgonjwa alitabasamu, akamshika shavu, akasema amesamehe. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalisikika. Nilijisifu moyoni kwamba sindano yangu ilikuwa imelainisha mambo. Dada akarudi Goma kabla mpaka haujafungwa.

Kesho yake, upasuaji ukiwa umekwisha salama, mgonjwa aliniuliza, "Donc, ni kusema dada hakukuja?"

Chuoni nilifundishwa kwamba dawa ile huweza kufuta kumbukumbu za saa ile. Nililijibu hilo kwenye mtihani, nikalisahau. Nikamweleza kila kitu. Alinitazama kwa upole, akidhani namtuliza tena.

Siku ya tatu dada alikuja na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo, akicheka tangu mlangoni. Mgonjwa akageukia ukutani. Dada akaniomba nishuhudie kwamba alikuja na akasamehewa, nami nikasema niliyoyaona. Niliona aibu.

"Aliyesamehe ni dawa yako, muganga," mgonjwa akasema. "Mi sikuwepo."

Dada akaweka sufuria chini. Akapiga magoti tena, wodi nzima ikisikiliza, akaanza upya: hakuja kuzika mama, barrière ilikuwa wazi. Safari hii mgonjwa alimsikia hadi mwisho. Alilia sana, na hakusema amesamehe.