Unga Wenye Dawa

Kwa kuchagua dagaa, Flaviana hakuwa na mpinzani. Akifika Kawe kwa Shomari, muuza dagaa wa kusaga, hakuuliza bei kabla hajachovya kidole kwenye unga na kuugusisha ulimini. Wenye chumvi aliukataa. Akiushuku mchanga, alimimina konzi moja kwenye kikombe cha maji, akasubiri mchanga uzame, kisha akamtazama Shomari mpaka Shomari akajikuna kichwa. Unga uliofaulu mtihani aliupeleka nyumbani Tegeta, akauchanganya na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, akaupitisha kwenye mashine ya kusagia nyama na kuzianika tambi zake juu ya bati. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha kambale wake mia tatu, kwenye bwawa nyuma ya nyumba.

Kwa bwawa hilo aliishi roho mkononi. Mumewe, Augustine, alikuwa amechonga vinyago Mwenge miaka thelathini mpaka vidole vikaanza kumkatalia kazi, na sasa alitaka shimo lile lifukiwe, vijengwe vyumba viwili vya kupangisha. Hakuwa mkali. Alisema tu kwamba kuku walijaribiwa wakafa, basi na samaki wajaribiwe mara moja. Wakifika mavunoni salama, bwawa libaki. Wasipofika, anachukua chepe. Flaviana alikubali bila ubishi, maana wale kuku bado walimuuma. Mwaka juzi aliwapa pumba kutoka stoo iliyopuliziwa dawa ya wadudu, na kabla ya siku kuisha wote arobaini walikuwa wamelala miguu juu.

Jumatatu moja, akiwa ameshamaliza kutengeneza gunia zima na ameshawarushia kambale chakula cha asubuhi, ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu yake. Alikuwa Shomari, na nyuma yake honi za mabasi.

"Mama Yuliana, shikamoo. Ule unga wa juzi una dawa ndani, eh. Mie naenda Mafia kwenye msiba, nikirudi ntakuelekeza."

Aliusikiliza mara tatu. Akapiga, simu haipatikani. Akapiga tena mchana na jioni, simu haipatikani.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na neno dawa lilimrudishia Flaviana wale kuku arobaini. Unga una dawa, na unga wote ameshauchanganya na pumba zote na mashudu yote. Aliweka konzi moja ya chakula kile kwenye kifuniko cha ndoo, akakaa kwenye kigoda kuwatazama inzi. Wakatua, wakala, wakasugua mikono yao, wakaenda zao. Mwanamke mwingine angeshusha pumzi. Yeye akajiambia kwamba labda wanakwenda kufia kwa jirani.

Akalifunga gunia, akalificha nyuma ya choo. Mumewe hakumwambia. Mficha uchi hazai, na Flaviana msemo huo alikuwa akiwaambia wenzake kila leo, lakini safari hii alimwona Augustine na chepe lake kabla hata ya kufungua mdomo. Kununua chakula kingine kungemfichua. Akawa anatupa bwawani ukoko wa ugali na mboga iliyolala, kidogo kidogo, mume asione. Kila jioni Augustine aliuliza kama samaki wamekula. Kila jioni alimjibu, "Wamekula."

Siku ya tatu maji yakaanza kupasuka. Mkia unapiga huku, mwingine unapiga kule, halafu kimya, halafu tena. Flaviana alisimama ukingoni ameshika rozari, akiamini kwamba sumu ya ile asubuhi moja ndiyo inawatesa, na akamshukuru Mungu kwamba hakuwaongezea. Siku ya tano aliokota kambale asiye na mkia. Akawalaani kunguru, akamzika chini ya mgomba. Usingizi ulikuwa umemhama, na chakula kilimshinda hata yeye.

Siku ya saba Shomari alipita mwenyewe Tegeta, na nazi mbili za Mafia mkononi. Flaviana hakupokea nazi wala shikamoo. Alimuuliza ni dawa gani ile aliyotia.

"Si ni vitamini tu, mama," Shomari alisema akicheka. "Ile dawa ya kukuzia. Nilikutilia bure, mteja wangu wa siku nyingi. Nilitaka nikuelekeze usiianike sana juani. Wanaendeleaje?"

Flaviana akamwambia hawajala chakula chao tangu Jumatatu. Shomari aliacha kucheka.

"Kambale? Wiki nzima?" Akaziweka nazi chini. "Mama, kambale mwenye njaa hana ndugu."

Flaviana alikumbuka ile mikia iliyokuwa ikipiga maji, na yule asiye na mkia ambaye kifo chake aliwasingizia kunguru, na mwalimu wa semina ya ufugaji aliyesema maneno hayo hayo, yeye na wenzake wakacheka. Waliingiza wavu, wakavuta, wakahesabu. Kati ya mia tatu walibaki sabini na mmoja, wakubwa, matumbo yamewajaa.

Kelele za kuhesabu zilimtoa Augustine ndani. Flaviana alikwisha kulivuta gunia toka nyuma ya choo, anarusha chakula konzi baada ya konzi, chakula kizuri, chenye dagaa asiye na mchanga na vitamini za bure. Tambi zilielea zikalowa. Hakuna kambale aliyepanda juu kula.

"Mbona hawali?" Augustine aliuliza. "Si uliniambia wamekula?"

Flaviana alilia, na hakujificha.

"Wamekula, Baba Yuliana," alisema. "Wamekula."

Augustine akaenda kulichukua chepe.