Nafasi Nyuma ya Zizi

Mama yangu, Mwanabaraka, aliolewa Singida akitokea kisiwa cha Mafia, na sikumbuki wiki iliyopita bila yeye kukitaja hicho kisiwa. Tukila mlenda, alisema kwetu wangetia nazi. Mvua ikigoma, alisema kwetu mvua haigomi. Baba yangu, Ahmadi, Mnyaturu wa Unyambwa aliyemwoa alipokwenda ujanani kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi, alikuwa na jibu moja tu: "Na mbu je, kwenu hawapo?" Mama alinyamaza, maana mbu walikuwepo.

Mwaka ninaousimulia ni kabla ya vita vya Hitla. Baba alikuwa akinunua ngozi vijijini na kuziuza mjini, na bei ilipanda akapata. Akatangaza kwamba tunakwenda Mafia kutembea, nyumba nzima: yeye na mama, sisi watoto, baba mdogo Mohamedi na mkewe, na Bibi Ziada, mama yake mzazi. Watu wa Unyambwa walidhani anatia chumvi. Enzi hizo mtu mweusi alipanda treni kwenda kutafuta kazi au kwenda kufungwa. Kupanda treni kwenda kupumzika ilikuwa habari ya Wazungu.

Bibi alikataa. Hakuogopa maji wala treni. Alitupeleka nyuma ya zizi, alikolala babu, akatuonyesha sehemu iliyo kando ya kaburi, ambapo hakuna aliyethubutu kupanda hata mbegu ya boga.

"Hapa ni pangu," akasema. "Nikifia huko, nani atanibeba?"

Shangazi Rahabu, dada yake baba, aliyeolewa Iramba na kubatizwa hukohuko, alikuja mbio kumuunga mkono. "Kaka, mwache mama. Nyie nendeni mkale samaki wenu."

Ndipo mama yangu akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Mama, miaka yote hii umenilea kama uliyenizaa. Nataka aliyenizaa akuone. Nitakurudisha mimi mwenyewe."

Bibi alimwinua. Kisha akasema, "Basi tubebe na unga wangu."

Unga wenyewe ulikuwa wa uwele, gunia zima, kwa sababu Bibi aliamini wali ni chakula cha wagonjwa. Tulisafiri nao kwa treni mpaka Manyoni, tukabadilisha treni mpaka Dar es Salaam, tukaupakia kwenye stima ndogo iendayo Mafia. Ndani ya stima Bibi alijifunika kaniki kichwani, akakataa kuyaona maji mpaka tuliposhuka. Ufukweni alichovya kidole, akakilamba, akacheka.

"Hili ni ziwa letu la chumvi la Singida," akasema. "Ila limenenepa."

Siku zile za mwanzo zilikuwa za furaha, nisiwadanganye. Bi Hidaya, mama yake mama, alimshika mwanawe mashavu akalia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Tulioga baharini mpaka ngozi zikapauka. Mama alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijawahi kukisikia Singida, cha msichana, na baba akawa anamwangalia kama mtu aliyeibiwa kitu akakiona kwa jirani.

Taabu ililetwa na sufuria. Bi Hidaya alitupikia wali wa nazi na pweza. Bibi akamtazama yule pweza, akauliza jambo kwa Kinyaturu. Swali lilikuwa kama wenyeji wamewahi kuihesabu miguu ya kitu hiki kabla ya kukila. Baba akatafsiri, "Anasema Mungu awabariki." Lakini hakukuwa na tafsiri ya kuficha kilichofuata. Bibi aliinuka, akakusanya mafiga matatu uani, akajipikia ugali wake wa uwele.

"Mkwe gani huyu?" Bi Hidaya akamwuliza mama, kwa sauti ya kusikika. "Anapika uani kwangu, majirani waseme nimemnyima chakula? Na ugali wenyewe mweusi kama udongo."

Wakanuniana. Mama akawa anapita kati yao, huku akiomba radhi, kule akiomba radhi, na mapumziko yake yakamwishia miguuni. Kilichowapatanisha kilikuwa ukindu. Bi Hidaya alikuwa akisuka mkeka barazani, Bibi akaja akakaa mbali, akaangalia, akashindwa kuvumilia. Kwao Unyambwa alikuwa fundi wa kusuka vikapu. Akavuta miyaa michache ya ukindu, akaanza. Mmoja alikuwa na Kiswahili cha pwani, mwingine cha kuombea maji, lakini tangu hapo ukimtafuta mmoja uliwakuta wote wawili, wakinyang'anyana miyaa na kucheka.

Stima ikaja. Mizigo ilikuwa imefungwa, baba ameshawaaga watu, na mama amesimama mlangoni kwa mama yake hawezi kutoka. Alishika mwimo wa mlango. Baba akamwita mara ya kwanza, mara ya pili. Mama akasema, "Ahmadi, tungoje stima ijayo. Sijamshiba mama yangu."

Baba alikasirika, na alikuwa na haki. Ngozi zilikuwa zinaoza Singida. Aliyeamua ni Bibi. Yeye ndiye aliyekuwa na hamu kubwa kuliko wote ya kurudi, na alikuwa ameshakalia kifurushi chake. Akakifungua.

"Mtoto hajashiba mama yake," akasema. "Tungoje."

Homa ilimpata kabla stima haijarudi. Ile homa ya mbu wa pwani, ambayo wenyeji hutembea nayo hadi shambani, ilimwangusha kikongwe wa bara. Baba alitafuta kwinini, Bi Hidaya alichemsha majani anayoyajua. Bibi hakuuliza dawa. Aliuliza, "Stima imekuja?"

"Inakuja, mama," mama alimjibu. Kisha alikwenda ufukweni akasimama kutazama bahari tupu, akarudi, akaulizwa tena, akajibu vilevile. Sijui safari ngapi alikwenda. Najua alirudi ya mwisho akakuta Bi Hidaya amekwisha kumfumba Bibi macho.

Mama alikataa asizikwe. Alimshika mikono akasema ameahidi, atambeba, hata kwa miguu atambeba. Baba, aliyekuwa amefiwa yeye, ndiye aliyekuwa akimbembeleza. "Mwanabaraka, niachie mama yangu. Ni wa kuzikwa leo." Mama na Bi Hidaya wakamwosha.

Ilibaki kusema atalazwa wapi. Bi Hidaya akamshika mwanawe mkono, akampeleka makaburini kwao, penye kaburi la mumewe. Kando yake palikuwa wazi.

"Hapa nilikuwa nakutunzia wewe, siku ukirudi kwenu," akasema. "Tumpe mwenzangu."

Siku ya tatu ya matanga mama alikwenda kwenye gunia, akatoa unga uliobaki, akasonga ugali, akawawekea waombolezaji. Watu wakatazamana. Bi Hidaya ndiye aliyenawa wa kwanza. Alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalimeza, na machozi yakimtiririka akawaambia wenzake wale.

Shangazi Rahabu alitupokea stesheni ya Singida. Alitusubiri wote tushuke, akatuangalia mmoja mmoja, akaendelea kuutazama mlango wa behewa baada ya watu kwisha.

"Mama yuko wapi?"

Mama alianguka miguuni pake. Shangazi hakupiga kelele. Alisema, "Ulisema utamrudisha wewe mwenyewe," akageuka akaenda zake. Tangu siku ile hakumwita mama yangu wifi. Kila mwaka mvua zikikaribia alitoka Iramba, akaja Unyambwa, akapalilia kaburi la babu na ile sehemu tupu ya kando, akaondoka bila kuingia ndani. Mama alikuwa akimchungulia dirishani. Alimpelekea maji ya kunywa, na maji yalirudi.

Na mama hakuitaja Mafia tena. Tulikula mlenda akanyamaza. Mvua iligoma miaka miwili, akanyamaza. Niliumia kwa kunyamaza kule kuliko nilivyowahi kuchoshwa na maneno yake.

Baba alitangulia. Mama akaanza kuugua ugonjwa wa kukonda, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, na kaka yake akatuma ujumbe: arudi kisiwani, asife peke yake bara, nyumba ya Bi Hidaya ipo. Mwenda kwao si mtumwa. Nilidhani atafurahi. Akaniambia, "Niitie Rahabu."

Shangazi alikuja, naye amezeeka, jembe begani kama kawaida yake. Safari hii aliingia ndani. Mama alijaribu kuinuka akashindwa.

"Shikamoo," akasema. "Mama yako yuko mahali pangu. Naomba mahali pake."

Shangazi alilitua jembe. "Huko," akauliza, "kuna anayempalilia?"

"Mama yangu alimpalilia mpaka anakufa. Sasa kaka yangu. Hapajawahi kuota nyasi."

Shangazi alifuta uso kwa pindo la kanga, akachukua jembe, akatoka. Tukasikia jembe nyuma ya zizi, linagonga, linatulia, linagonga tena. Aliporudi mikono yake ilikuwa na udongo mwekundu, na alikaa kitandani kwa mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nizaliwe.

"Palikuwa na mawe upande wa kichwani," akasema. "Nimeyatoa, wifi."