Kitabu cha Zimwi Ndani ya Eda

Nilipofiwa na mume wangu, hapa kwetu Msambweni, nilikaa eda yote, miezi minne na siku kumi. Hilo silijutii. Mume wangu nilimpenda. Lakini sikusomeshwa chuoni popote kwamba mjane asicheke, na anayebisha na aje tubishane.

Vitabu vya kutisha navipenda tangu usichana. Basi nikamtuma mdogo wangu, anayefanya kazi Ukunda, aninunulie riwaya za majini na mazimwi. Akaleta tatu. Ya kwanza, mtoto anakufa. Ya pili, anakufa mama, kisha nyumba nzima, na mwandishi anatuacha makaburini mvua ikitunyea. Loo! Nikaitupa chini ya kitanda. Msiba ninao wangu, wa kununua wa nini? Mimi nilitaka kitabu cha kunipigisha ukelele kisha kinichekeshe.

Ya tatu ndiyo yenyewe. Zimwi linaingia nyumbani kwa bibi mmoja kula wajukuu zake. Bibi hata hashtuki. Analiambia: huli kitu hapa mpaka ukune nazi. Basi zimwi likakalia kibao cha mbuzi, likakuna nazi ya kwanza, ya pili, ya kumi, hadi kucha zote zikaisha, likawa linalia kwikwi. Nilipiga yowe, nikacheka hadi nikashika mbavu. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mazishi.

Wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekuja kukaa nami, alikuwa jikoni. Akadhani nimepandwa na pepo. Alikuja mbio na chetezo kinafuka ubani, akawa anakizungusha juu ya kichwa changu huku akinong'ona dua.

"Wifi, ondoa hicho," nikamwambia. "Mwenye eda hatiwi manukato. Wataka kunivunjia eda?"

Akakiweka chini chetezo. Kisha akakiona kitabu, na hofu ikageuka hasira.

"Kaka yangu hata arubaini hajatimiza, nawe wachekea mazimwi! Huna haya!" Akakipokonya, akasema anakwenda kukichoma.

"Kichome! Nitaagiza kingine."

Mdomo ulisema hivyo, lakini roho iliniuma. Nilijua kikichomwa nitarudi kule nilikokuwa, kuutazama ukuta tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Nikangoja harufu ya karatasi. Iliyonifikia ni harufu ya wali unaoungua. Nikaenda jikoni. Wifi alikuwa amekalia mbuzi, kitabu mapajani, machozi yanamtiririka. Sikujua analia au anacheka, mpaka alipoinua uso.

"Limefika nazi ya saba," akasema, na hapo akaangua kicheko.

Tulicheka sote, tukamlilia na marehemu humohumo, maana yeye ndiye angelilipenda zimwi lile kuliko sisi. Hatukusikia hodi. Tulipogeuka, jirani yetu aliyekuja kutupa pole alikuwa kasimama mlangoni, mkono kifuani.

"Subhanallah! Nyumba ya msiba hii?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Wifi akanitangulia.

"Aliyekufa ni kaka yangu," akasema, akijifuta macho kwa leso. "Sisi tu hai. Karibu, keti nawe usomewe."