Nilipokubali Kumsubiri Binti Yangu

Katika kikao cha kumaliza mambo ya talaka yetu, kaka yangu mkubwa aliniambia nisimfuatefuate binti yangu, aliyekuwa na miaka sita na akihamia mtaa wa Wazo na mama yake. Nimwache mpaka amalize darasa la saba. Mtoto ni wa baba, alisema, akipata akili atakuja mwenyewe. Nikaitikia, "Sawa, kaka." Leo natamani ningekataa.

Afisa ustawi wa jamii wa kata yetu pale Mtoni aliwahi kunieleza kwamba nina haki ya kupangiwa siku za kumwona mtoto. Kaka akasema kupeleka mambo ya nyumbani serikalini ni aibu. Sikurudi tena kwa afisa yule. Mama wa mtoto hakunizuia hata siku moja. Nilijizuia mwenyewe, nikiamini damu itafanya kazi niliyopaswa kuifanya mie. Matumizi ya mtoto nilikuwa nampa dada yangu ampelekee, nami nikajiona baba kamili.

Alipofika darasa la saba, mama yake akanialika kwenye mahafali. Nilinyoosha kanzu mara mbili. Getini binti mmoja mrefu alikuwa akipokea watu. Akanipa shikamoo, akanionyesha viti vya nyuma.

"Wageni wanakaa kule, mzee. Huku mbele ni wazazi."

"Mie ni mzazi."

"Wa nani?"

Nilikuwa nimeshamtambua kwa paji la uso, ni la mama yangu mzazi. Nikamwambia, "Wako."

Akanitazama juu hadi chini.

"Mbona kwenye picha una nywele?"

Tulicheka mpaka wenzake wakaja kuuliza kulikoni. Akanishika mkono, akanikalisha mbele kabisa, kando ya mama yake, ambaye alisogeza pochi yake kunipisha.

Sasa yuko chuo kikuu, anakaa hosteli za Mabibo. Jumamosi namfuata tunakula chipsi mayai, ananitania kwamba nafunga mkanda juu ya kitovu kama mwalimu mkuu mstaafu. Ananipigia simu kuniuliza mambo hata ambayo anayajua. Furaha hiyo ninayo, sikufuru.

Ila akisimulia alivyojifunza kusoma, au alivyovunjika mkono akiwa darasa la nne, nasikiliza kama jirani. Sikuwapo. Nilipoteza miaka saba ya utoto wa mwanangu wa pekee, na hakuna aliyeninyang'anya.