Amplifaya Iliyonyamaza Mbumbuni

Kwa zaidi ya miaka thelathini baba yangu amekuwa akitoa ushuhuda mmoja. Kanisani kwetu, juu kidogo ya Kikima, hata watoto wa Sunday school wanaujua. Alikuwa mpiga gitaa wa dansi. Jumamosi moja alipeleka amplifaya yake Mbumbuni, ukumbi ukajaa, akachomeka gitaa, akapiga nyuzi: kimya. Valvu zinawaka, spika ipo, sauti hakuna. Watu wakamzomea, akafunga vitu vyake akarudi nyumbani, na Jumapili ya wiki iliyofuata akaokoka. "Mungu mwenyewe aliinyamazisha," husema, na kanisa zima hujibu amina. Mimi nilikuwa mtoto mchanga wakati huo, kwa hiyo ushuhuda huu nimeukuta nyumbani pamoja na viti na meza.

Mimi ni fundi. Nina kibanda Emali, natengeneza redio, televisheni na mitambo ya sola, na wateja wapya bado huingia na kuniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Mwaka huu, wiki moja kabla ya Jumapili ya mavuno, baba alinipigia simu. Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mwaitu, pastor amesema nipige gitaa siku ya mavuno. Kuja uangalie hiyo machine. Kama Mungu ameifungua, itaimba. Kama bado, nitajua ni bado, na gitaa nitapatia mtu."

Hapo nikapandwa na hasira. Mtu akiniletea kitu kibovu aniambie kimeharibika, asiniambie Mungu ameshikilia swichi. Lakini nilijua hatanii. Gitaa hilo liko ukutani chumbani mwake, analipangusa kila Jumamosi, na kama ningeshindwa angelitoa bure kisha akae akiutazama msumari. Nikapakia mita ya kupimia umeme na chuma cha kulehemu, nikapanda milima.

Nilimkuta mama mlangoni akichagua ndengu kwenye ungo. Aliniuliza habari za watoto, kisha akauliza kama kazi yenyewe itachukua muda mrefu. Nikamwambia inategemea. Akainamia ndengu zake.

Amplifaya ya valvu iliyokaa kimya miaka mingi haichomekwi ukutani tu, labda kama unataka kuona moshi. Niliipitishia umeme kwanza kwenye balbu kubwa ya zamani, ili kama kuna mahali waya zimegusana, balbu iwake na mashine ipone. Balbu ikawaka kidogo, ikafifia. Vizuri. Nikabadilisha kapasita mbili zilizovimba. Valvu zikaanza kuwaka rangi ya makaa, moja baada ya nyingine, na spika ikatoa mvumo mdogo. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akachomeka gitaa, akapiga. Kimya kilekile cha Mbumbuni.

"Ni bado," akasema, akatoka nje.

Kazi hii hufanywa kwa kurudi nyuma. Unaanza kwenye spika, unagusa hatua moja baada ya nyingine ukielekea kwenye tundu la gitaa, na mahali sauti inapokatika ndipo ugonjwa ulipo. Nusu ya nyuma ilikuwa nzima, nikiigusa inaguruma. Nusu ya mbele ilikuwa imekufa kabisa. Nikasema ni valvu ya kwanza. Siku iliyofuata nzima iliishia kwenye kutafuta valvu ya namna hiyo, na nikaipata ndani ya redio kuukuu ya mzee mmoja sokoni Kikima, ambaye alinieleza maisha yote ya redio hiyo kabla hajaniruhusu niifungue. Nikarudi, nikaiweka. Kimya. Mama akaniletea chai, akaangalia mashine iliyolala tumbo wazi, akaondoka.

Kosa langu lilikuwa heshima. Mashine za zamani zilifungwa waya zake kwa uzi, kishada kwa kishada, kazi safi ya kiwandani, na mimi huipenda sana kazi hiyo hata huwa siigusi. Karibu na tundu la gitaa palikuwa na kishada kama hicho, kimefungwa vizuri kuliko vyote. Nilikipita mara tatu nikikisifu moyoni. Mara ya nne mwanga wa dirishani ulikiangukia, nikaona kwamba uzi wa kiwandani ni mweusi wenye nta, na huu ulikuwa wa katani.

Nikaugusa. Ulikuwa umesokotwa pajani. Yeyote aliyelelewa, kama mimi, na msusi wa vyondo, vikapu vyetu vya katani, anaujua kwa kidole: unakwaruza ukienda huku, unalainika ukirudi. Na fundo lilikuwa lile la kuanzia kitako cha kiondo, ambalo mama alinifundisha kwa kunipiga vidole. Nikalifungua. Ndani yake waya mmoja ulikuwa umekatwa kwa wembe, ncha yake ikakunjwa na kufichwa katikati ya wenzake. Ulikuwa waya wa kutoa sauti valvu ya kwanza kwenda ya pili.

Baba alikuwa ameenda kwenye kamati ya mavuno. Nikamfuata mama jikoni, nikamwonyesha uzi kwenye kiganja.

"Nilikata moja tu," akasema.

"Mama, hizo kapasita zingekuua! Zinashika stima hata kama umetoa plug!"

"Sikujua."

"Ungekufa hapo na wembe mkononi, na mimi nikiwa kwa kitanda!"

Nilikuwa napiga kelele. Na ni jambo lililopita kabla sijaota meno. Yeye akageuza sufuria. "Alikuwa anaenda Ijumaa, anarudi Jumanne," akasema. "Ukitaka kumwambia, mwambie. Lakini ngoja kwanza niende kwa shamba."

Nikarudi mezani nikiwa nimekasirika na wote wawili. Ningesema nini? Kwamba ushuhuda alioutoa katika kila mkutano, huku watu wakilia na kusogea mbele, ni wembe wa mke wake? Lakini ningenyamazaje, nimwache Jumapili asimame aseme Mungu ameifungua, na mimi nimekaa benchi la tatu na risasi ya kulehemu bado kwenye kucha? Nikaunganisha waya. Ilinichukua dakika tano.

Baba aliporudi alichomeka gitaa bila kuniuliza. Sauti ikatoka nene, yenye joto, ikajaza nyumba hata vikombe vikalia kabatini. Alipiga wimbo wa kanisa, ubeti mmoja, vidole vikikosea nyuzi hapa na pale. Kisha akanyamazisha nyuzi kwa kiganja.

"Ilikuwa nini?"

"Waya ilikuwa imeachia tu," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumdanganya mteja, sembuse baba.

Akatazama dirishani. Nje mama alikuwa akishuka kwenye matuta na jembe, ingawa hapakuwa na kitu cha kulima.

"Na kale kauzi umeweka wapi?"

Sikuwa nimemtajia uzi wowote. Nikautoa mfukoni, nikampa.

"Ulijua?"

"Nilifungua hiyo machine Jumatatu, baada ya Mbumbuni. Nikaona hiyo fundo."

"Sasa mbona hukurudisha waya? Miaka yote hii!"

Alikuwa akiuzungusha uzi kwenye kidole. "Mwaitu, mama yako alikuwa anaogopa hata kuwasha redio. Halafu aingize mkono hapo ndani? Mimi nilikaa chini na screwdriver nikalia. Sikuwa nimejua amefika hapo. Kurudisha waya mwenyewe ni kama ningemwambia hakuumia, ndiyo nikangoja mpaka nikakuita wewe." Akaukunja uzi, akauweka mfuko wa shati. "Hiyo wiki ndiyo niliokoka. Kanisani nasema Mungu aliinyamazisha, na kwangu ni kweli, hata kama alitumia mkono wa mama yako. Hiyo ya waya ni yake, siwezi kuisema mbele ya watu."